Mfupa ni Kitu Hai

Twaiona mifupa ya wanyama imetupwa jaani, mikavu na myeupe, nasi twadhani kuwa ndani ya mwili pia ndivyo ilivyo. Sivyo. Mtu mzima ana mifupa 206, na yote i hai, nayo huishi kwa damu.

Mfupa umevikwa ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu. Mfupa mrefu, kama ule wa paja, una na tundu dogo upitapo mshipa uendao ndani hata kwenye uboho. Na katika uboho mwekundu ndimo zifanyikamo chembe za damu. Basi mfupa hupokea damu, nao huizaa.

Jirani yake ni gegedu, kitu kile kigumu chenye kupindika tukishikacho sikioni. Viungoni hufunika ncha za mifupa zisisagane. Gegedu halina mishipa ya damu. La viungoni hulishwa na ute wa kiungo, ambao hukamuliwa na kufyonzwa tena kama maji katika sifongo kila tutembeapo. Kwa hiyo likiharibika hupona kwa shida. William Hunter, tabibu wa London, aliyaandika hayo mwaka 1743.

Bali mfupa uvunjikapo, damu huganda pale, kisha huota gegedu changa la kushika vipande, nalo polepole hugeuka kuwa mfupa. Mkono huunga kwa majuma sita hivi. Paja huchukua miezi mitatu au zaidi.

Kwa kuwa kazi hiyo yote ni ya damu, tusiizuie. Mwenzetu akivunjika mkono, tusiuvute wala tusiukande. Tuufunge kwa mabanzi, pasipo kukaza, tumpeleke hospitali. Njiani tuvitazame vidole vyake, maana mkono huvimba, na kitambaa kilichokuwa sawa asubuhi chaweza kubana jioni. Vidole vikiwa baridi, au vikibadilika rangi, au vikifa ganzi, tulegeze kitambaa mara ile ile, tusingoje kufika. Damu ikikosa njia, nyama hufa, na mkono hukatwa.

Mfupa ulioungana vibaya tabibu aweza kuunyosha. Mkono uliokufa hakuna awezaye kuufufua.