Dume na Jike

Nuhu aliamriwa kuingiza safinani dume na jike, ili uzao usikatike. Tarehe 19 Machi 2018, huko Ol Pejeta, Laikipia, alikufa Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini. Aliacha majike wawili tu: Najin bintiye, na Fatu mjukuuwe. Jamii yao haikumalizwa na gharika, bali na watu waliotamani pembe.

Ndugu zangu, baada ya gharika Mungu hakufanya agano na Nuhu peke yake, bali na kila kiumbe kilichotoka safinani. Wewe utegaye wanyama, ukataye msitu usipande, je, umelikumbuka agano hilo? Leo safina ni nchi hii, nasi ndio akina Nuhu.

Tuombe: Bwana, utufundishe kutunza ulichokiokoa. Amina.