Habari Zetu Zinapochukuliwa na Wengine

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya wajumbe wa kamati za sharika, wakiwepo pia wageni kutoka kwa wafadhili wetu)



Mada tuliyopangiwa asubuhi hii inahusu tovuti ya Dayosisi. Tunajua wapo watakaosema kwamba tovuti ni mambo ya ofisini, huku sharikani inatuhusu nini. Inawahusu, kwa sababu vilivyomo ndani yake si vya ofisi. Ni picha za visima vyenu, vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, watoto wenu wa chekechea, na maneno mliyotuambia ninyi wenyewe tulipowatembelea. Anayevichukua bila kuuliza amechukua kwenu.

Tuanze na lililotukuta. Mwaka 2023 rafiki mmoja wa siku nyingi, ambaye amekuwa akichangia mradi wa maji, alituandikia barua pepe akiuliza kwa nini tumefungua akaunti nyingine ya benki. Hatukuwa tumefungua akaunti yoyote. Alipotutumia anwani ya ukurasa aliouona, tulikuta habari yetu neno kwa neno, pamoja na picha ya mama akikinga maji bombani. Jina la kijiji lilikuwa limebadilishwa, nchi pia, na chini kabisa kulikuwa na namba ya akaunti ya kupokea michango. Nyuma ya yule mama kuna tenki lililoandikwa jina la usharika kwa rangi nyeupe. Kwenye picha yao sehemu ile ilikuwa imekatwa. Aliyefanya hivyo alijua anachofanya.

Katika kikao kimoja mjumbe alishauri tuwaache, akisema wameitangaza kazi yetu bure. Tunamheshimu, lakini hatukubaliani naye. Mfadhili akishakuta habari moja mahali pawili, yenye majina mawili na akaunti mbili, hana njia ya kujua ipi ni ya kweli. Wengi hawataandika kuuliza kama alivyofanya rafiki yetu. Wataacha tu kutoa, na sisi hatutajua kamwe kwa nini bajeti ya bomba la pili haikutimia.

Jambo la kwanza lilikuwa kutunza ushahidi, kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Mwizi akijua ameonekana hufuta ukurasa leo na kuufungua kwingine kesho, nawe unabaki mikono mitupu. Tulichapisha kurasa zote kwenye karatasi, tarehe na anwani ya tovuti zikionekana. Kisha tulitumia huduma ya Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za intaneti iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, ambayo humwezesha mtu yeyote kuhifadhi nakala ya ukurasa pamoja na siku na saa. Katika hifadhi hiyo hiyo tulikuta nakala ya ukurasa wetu wenyewe ya miaka ya nyuma, kabla ule wa wenzetu haujakuwapo. Hapo suala la nani alitangulia likawa limekwisha.

Tulikuwa pia na picha yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Faili la namna hiyo hubeba ndani yake tarehe ya kupigwa na aina ya kamera, na ni kubwa kuliko nakala iliyowekwa kwenye tovuti. Aliyenakili kwenye tovuti hawezi kuwa nalo. Kwa hiyo tunawasihi makatibu: mkitutumia picha kwa WhatsApp, msiifute ile ya kwanza kwenye simu. WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa hizo, nasi tunabaki na kivuli chake.

Tulimwandikia mwenye ukurasa kwa lugha ya adabu, tukampa siku saba. Hakujibu. Hatua iliyofuata ndiyo watu wengi hawaijui. Kila tovuti imewekwa kwenye kompyuta za kampuni fulani inayolipwa kuitunza, na kampuni hiyo mara nyingi inaweza kutambuliwa kwa kutazama kumbukumbu za usajili wa anwani ya tovuti. Hii ilikuwa Marekani. Huko kuna sheria ya mwaka 1998, inayojulikana kwa kifupi kama DMCA, ambayo huikinga kampuni ya namna hiyo dhidi ya kushtakiwa kwa makosa ya wateja wake, mradi ikipewa taarifa sahihi iondoe haraka kilichonakiliwa. Taarifa hiyo haihitaji wakili. Inataka ueleze kazi yako ni ipi na nakala iko wapi, uweke anwani yako na sahihi yako, utamke kwamba unaamini kwa nia njema matumizi yale hayana ruhusa, na kwamba unayosema ni kweli. Tena usiiandike kwa hasira, maana anayedanganya katika taarifa hiyo anaweza kudaiwa fidia. Mwenye ukurasa naye anayo nafasi ya kupinga.

Ukurasa uliondolewa. Baada ya muda ukajitokeza kwenye kampuni nyingine, tukaandika tena, nao ukaondolewa tena. Hatuwezi kuwaahidi kwamba hautarudi. Michango miwili iliyokwisha kutumwa kwenye ile akaunti haikurudi.

Na sheria yetu hapa nyumbani inasemaje? Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tangu mwaka 1994 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao Marekani nayo imo. Kwa mujibu wa mkataba huo kazi ya mtanzania hulindwa Marekani kama kazi ya mmarekani, wala haki haitegemei kusajili. Habari aliyoiandika katibu wa usharika kwa mkono wake inalindwa tangu alipoiandika. Kusajili COSOTA husaidia kuthibitisha, basi. Na pale anayenakili anapojifanya ndiye sisi ili apokee fedha, jambo limevuka hakimiliki. Ni la polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Lakini tusiwe watu wa kuona wezi kila mahali. Sheria hulinda maneno na picha. Hailindi wazo. Usharika jirani ukichimba kisima kwa namna tuliyochimba sisi, au ukiunda kikundi cha kuweka na kukopa kwa utaratibu ule ule, hakuna aliyeibiwa, na ndicho tulichokuwa tunakiombea. Anayenukuu aya moja ya taarifa yetu na kutaja ilikotoka ametutendea wema. Shirika moja lilichukua mwongozo wetu wa mafunzo kwa wahasibu wa vikundi, likaondoa jina la Dayosisi na kuweka la kwake. Tuliwapigia simu, tukazungumza kama ndugu, wakarudisha jina letu ndani ya wiki. Tangu hapo mwongozo ule tumeuwekea leseni ya Creative Commons, aina ya ruhusa ya wazi iliyoanza kutolewa mwaka 2002: nakili, gawa, tafsiri, ila taja mwandishi. Picha za watu hatujaziwekea leseni hiyo wala hatutaziwekea.

Na kwa kuwa tumo ndani ya familia, tuseme na hili. Tumepokea andiko la mradi kutoka usharika ulioko ukanda mkavu wa wafugaji, likiomba fedha za lambo, na katika ukurasa wa tatu tukasoma jinsi bei ya kahawa ilivyowaumiza washarika. Hakuna mti hata mmoja wa kahawa kule. Andiko la wenzao lilinakiliwa, likabadilishwa jina la mbele na kusahauliwa katikati. Mfadhili anayesoma maandiko arobaini kwa mwezi huligundua hilo kabla hajamaliza chai yake. Mnalo tatizo la kweli na takwimu zenu wenyewe kwenye daftari la mifugo. Andikeni hizo, hata kama kiswahili chake si cha kitabuni. Kuhariri ni kazi yetu.

Turudi kwa yule mama wa bombani. Tuliona si haki akose kujua, tukaenda nyumbani kwake pamoja na mwinjilisti na nakala ya ukurasa ule. Aliutazama kwa muda mrefu. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza huko alikopelekwa wamempa jina gani. Tukamwambia. Akauliza kama waliandika pia kwamba ni mjane, tukamwambia ndiyo, hilo walilinakili kama lilivyo. Akanyamaza. Mwishowe alituambia picha tuiache kwenye tovuti yetu, lakini habari za ujane tuziondoe, kwa sababu alikuwa amewaambia watu wa Dayosisi, hakuwaambia dunia nzima. Ziliondolewa jioni ile ile.

Ruhusa yake tulikuwa nayo kwa maandishi. Hata hivyo ziara ile imebadilisha tunavyouliza. Fomu mpya iliyo kwenye bahasha zenu ina maswali mawili: unakubali picha yako ionekane, na je, ni mambo gani tusiyaandike. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye atakayetia sahihi, na jina lake kamili pamoja na la shule yake havitawekwa. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotutaka tujue tunahifadhi nini juu ya nani, na kwa sababu gani. Mkimwita mpiga picha wa kulipwa, andikianeni mapema picha zitakuwa mali ya nani.

Kwa wageni wetu tuna ombi moja. Akaunti ya miradi haibadilishwi kwa barua pepe. Mkiletewa namba mpya, hata kama barua ina nembo ya Dayosisi, pigeni simu kwa namba mliyokuwa nayo siku zote, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Na mkikuta habari inayofanana na yetu mahali pengine, chukueni sentensi moja yenye maneno kumi hivi, iwekeni ndani ya alama za kunukuu, mtafute kwenye intaneti. Kwa picha ipo huduma ya TinEye, tangu mwaka 2008, na Google nao wanayo ya kwao. Kisha tutumieni anwani mliyoiona, bila kwanza kumwandikia mwenye ukurasa.

Fomu zilizojazwa zikabidhiwe kwa katibu wa jimbo kabla ya kikao kijacho cha kamati. Zilizobaki zipo mezani pale mlangoni, na kwa sharika zenye shule za chekechea tumeweka nakala za ziada.