Shati la Kazini na Bei ya Drai Klina

Msikilizaji, asubuhi za Tarime zina ubaridi wake, ndiyo maana koti la suti huku kwetu si la harusini tu. Mwalimu analivaa, diwani analivaa, mzee anayekwenda kwenye kikao cha ukoo analivaa. Lakini wapo pia, Sirari, Nyamongo hadi Mugumu, wanaoona kwamba hata shati la kushindia lisipopita drai klina halijatakata. Nasema wazi: hiyo ni hela inayopotea.

Drai klina halisi haifui kwa maji. Nguo inazungushwa kwenye mashine yenye kemikali ya majimaji, na iliyozoeleka zaidi duniani ni perkloroethilini. Hiyo ni hodari wa kuyeyusha grisi na nta. Sasa shati lako limechafuliwa na nini? Jasho na vumbi la barabarani. Chumvi ya jasho inataka maji. Hebu ligeuze, utazame ule mstari wa kahawia ndani ya kola: ni jasho limechanganyika na mafuta ya ngozi, na sabuni ya kipande pamoja na maji huviondoa vyote viwili, mradi apatikane wa kufikicha. Dobi wa mtaani anaijua kazi hiyo. Analisuuza, analianika, analipiga pasi ya mkaa mpaka kola inasimama. Mlipe yeye.

Koti la sufu ni habari nyingine. Ukilitia kwenye maji ya moto na kulikamua, sufu inasinyaa. Kile kitambaa kigumu kilichobandikwa kwa gundi kifuani nacho kinaachia, koti linatoka na uvimbe ambao hakuna pasi itakayoulaza. Hilo lipeleke drai klina, tena kwa nadra. Siku nyingine lipige brashi, ulitundike penye upepo. Na ukilipata kwenye mtumba, soma lebo ya ndani: alama ya duara ni ya drai klina, beseni lililopigwa mkasi maana yake usilitie majini.

Kinachoniuma zaidi ni afya ya vijana wanaozihudumia mashine hizo. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka perkloroethilini kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Desemba 2024 Marekani iliamua matumizi yake kwenye drai klina yakome ndani ya miaka 10. Kwa nini mtu aivute kemikali hiyo kwa ajili ya shati la pamba?

Tena si kila kibao kilichoandikwa drai klina kina mashine hiyo ndani. Kwingine ni mashine ya kufulia ya kawaida na pasi nzuri. Si vibaya, ila uliza kabla hujaacha nguo: mnafua kwa maji au kwa kemikali? Wakikujibu maji, waachie mashati kama bei yao haimzidi dobi, na koti la sufu urudi nalo nyumbani.