Furaha ya Kutengeneza Pombe ya Mtama Nyumbani

Jioni ya leo napenda kuzungumza nanyi habari ya kazi niliyoianza kwa kujifurahisha tu, nayo ni kutengeneza pombe ya mtama nyumbani. Najua wengine watacheka, maana huku kwetu Mtinko, katika nchi ya Wanyaturu, pombe tangu zamani ni kazi ya wanawake, nayo ilipikwa kwa haja: kuwakaribisha majirani waliokuja kusaidia kulima, au kwa arusi. Mwanamume kushika mwiko jikoni si jambo la kawaida. Hata hivyo nilimwomba shangazi yangu anifundishe, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba nisimharakishe.

Kazi huanza na kimea. Tulichukua mtama mwekundu, tukaupepeta, tukatupa kila punje iliyotobolewa na wadudu. Tukauloweka siku moja na usiku wake, tukautandaza juu ya gunia lenye unyevu, tukaufunika. Kila asubuhi na jioni niliugeuza na kuunyunyizia maji. Siku ya tatu vikatoka vijizizi vyeupe, na nilipotia mkono chini ya kifuniko nikaona joto, kama la kuku anayeatamia. Sikujua kamwe ya kuwa punje zinazoota hutoa joto. Nikawaita watoto wa jirani nao waje kushika.

Siku ya tano tukauanika juani hata ukakauka, tukaufikicha mpaka machipukizi yote yakatoka, kwa kuwa yana sumu. Wenye ng'ombe hawahitaji kuambiwa habari ya mtama mchanga. Kisha tukausaga.

Basi chungu changu cha kwanza kiliharibika, na sababu ni haraka yangu mwenyewe. Nilipika uji wa mtama, nao ulipokuwa ungali unachemka nikautia kimea. Nikangoja. Uji ukabaki mzito, hauna utamu wo wote. Shangazi akaonja, akasema, "Mwanangu, umekiua kimea."

Nilidhani ni usemi tu wa wazee, kumbe ni kweli. Mbegu inapoota hutengeneza ndani yake kitu ambacho wataalamu hukiita kimeng'enya, na kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari ili mche mchanga upate chakula. Kitu hicho hufanya kazi vizuri sana joto likiwa kama nyuzi 60 hata 65; katika uji unaochemka huharibika mara moja. Shangazi hana kipimo cha joto. Hushika chungu kwa nje, akajua. Mimi nisiye na mkono wake hutumia hesabu: kata moja ya maji yanayochemka na kata moja ya maji baridi, ukiyachanganya, hupata karibu nyuzi 60. Mara ya pili nilifanya hivyo, na kabla ya saa moja kupita uji ukalegea kama maziwa, nikauonja, nao ni mtamu, wala sikutia sukari hata chembe! Furaha niliyoipata wakati ule sijaipata bado katika kikombe. Ninyi vijana wa shule, kikombe kiacheni. Lakini jambo hili la uji na kimea mwaweza kulijaribu, maana hapo si pombe bado.

Baadaye tuliuchemsha, tukauacha upoe kabisa, tukaongeza kimea kidogo ambacho huja na hamira yake. Hamira ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Hula sukari na kutoa kileo na hewa. Asubuhi povu lilikuwa limefika ukingoni, na chungu kilisikika kikinong'ona.

Sasa nina neno zito juu ya unga. Mwezi wa Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, nchi ya Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe iliyonywewa msibani. Kwanza ilisemwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha habari nyingine: unga wa mahindi ulikuwa umeharibika, vijidudu vimeota ndani yake na kutoa sumu, nayo ni sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Mwanamke aliyeipika naye alikufa. Hakuna aliyewatakia mabaya.

Wakati wa mvua zilizopita, paa la ghala yangu lilivuja, na kimea cha gunia zima kikaloa. Nilikiona kimeota ukungu wa kijani. Nakiri kwamba niliwaza kukianika tena, kwa kuwa ni jasho la majuma mawili, na juani kingekauka kikaonekana kizuri. Shangazi hakusema neno. Alichukua jembe, akaanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, nami nikaona aibu kumwacha achimbe peke yake. Tulikifukia chote, hata kuku hatukuwapa. Kisha akaniambia nipande juu nikazibe paa, na jioni ile ile tukaloweka mtama mwingine.