Sherehe Pekee Hazifufui Ufundi

Tangu 2015, India huadhimisha Agosti 7 kuwa siku ya ufumaji wa mikono, kukumbuka vuguvugu la Swadeshi la 1905 lililosusia bidhaa za Uingereza. Lakini sherehe pekee hazifufui ufundi. Sensa ya ufumaji wa mikono ya 2019-20 ilihesabu wafumaji na wasaidizi wao wapatao milioni 3.5, wengi wao wanawake. Wapo wanaodai kuwa mashine hufuma haraka na kwa bei nafuu. Ni kweli; ila kitanda cha mfumi hakihitaji umeme, na humpa mama wa kijijini kipato akiwa nyumbani kwake. Kinachomuumiza ni nguo za kiwandani kuuzwa kana kwamba ni za mkono, ingawa jina la sari za mkono za Banaras, mji wa India, linalindwa kisheria tangu 2009. Sheria hiyo isimamiwe kikamilifu, na mfumaji alipwe haki yake.