Dereva na Foleni ya Tunduma

Kwa dereva wa lori anayepeleka mafuta Zambia, au anayerudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam, Tunduma ni foleni kwanza, mji baadaye. Zamani alisimama mara mbili, Tunduma na kisha Nakonde ng'ambo ya pili, na hati zilezile zikakaguliwa upya. Tarehe 5 Oktoba 2019, Marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja, ambamo maofisa wa forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na gari husimama mara moja tu, katika nchi linakoingia.

Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo, kukaa pamoja si kuamua pamoja. Mwezi Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea Nakonde, Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa. Huko Rusumo nako, Rwanda iliwataka madereva wa Tanzania wakabidhi magari kwa madereva wake. Wakagoma, na haikuwa ukaidi: mali ikipotea, anayeulizwa na tajiri ni dereva aliyepakia.

Wenye mizigo huhesabu hasara ya kila siku ya kuchelewa. Dereva na utingo wake mara nyingi hupewa posho ya safari, si ya siku. Ikiishia mpakani, hukopa unga kwa mama lishe.