Mbao Iliyokwisha Tumika: Iandikeni Kabla Fundi Hajaanza

Maneno tuliyozungumza na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, upande wa Gede na Watamu

Leo hatukuja na mambo ya hesabu za mchango wala ya mbuzi wa maziwa. Tumekuja kuzungumza juu ya mbao, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana wengine mlishalisikia njiani na huenda mlilisikia vibaya.

Kikundi kimoja cha kina mama, ambacho hatutakitaja, kilichangishana mpaka kikapata fedha za kujenga chumba cha watoto wa chekechea. Walipouliza bei ya mbao mpya walishtuka, wakaja kwetu. Sisi tukawaambia, "Kina mama, tafuteni mbao kuukuu, ni nafuu, na hamtakata hata mti mmoja." Ushauri ulikuwa mzuri, ila tuliuachia hapo. Makubaliano na fundi yakawa ya mdomo tu: alete "mbao nzuri za zamani". Akaleta. Zilikuwa zimepakwa oili chafu, nyeusi, zinang'aa, kila mtu akazisifu. Masika ya pili paa likaanza kulala upande. Tulipopanda juu na kuichoma mbao moja, kisu kiliingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Ndani zilikuwa zimebunguliwa zote. Watoto wakahamia chini ya mwembe. Fundi alipoulizwa akajibu, "Mlisema za zamani, nami nikaleta za zamani." Tukanyamaza, maana hakukuwa na karatasi.

Basi tuseme tuache mbao kuukuu, turudi kukata miti? Hapana. Waliojenga mji wa Gede karne nyingi zilizopita waliweka dari kwa boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyao ni vyembamba, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Lakini siku hizo watu walikuwa wachache. Leo mikoko ya Mida ndiyo nyumba ya samaki na kaa tunaowategemea, na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye zaidi ya hekta 40,000, umezungukwa na vijiji pande zote. Makaya ya wazee wetu ni vipande vidogo tu vilivyobaki. Tena mnakumbuka Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikaongezwa tena na tena. Bei ya mbao ilipanda, na wenye vikundi mlijua. Mvinje tunaopanda mashambani umetusaidia sana kwa nguzo na pau, lakini hautoi kila kitu.

Mbao iliyokwisha tumika ina faida moja ambayo mbao mpya ya dukani mara nyingi haina: imekauka. Boriti au mbao ya mbambakofi iliyokaa juu ya nyumba miaka thelathini imeshajipinda kadiri ilivyotaka kujipinda. Haitakusumbua tena. Na hapa Malindi na Watamu, hoteli na nyumba za wageni zikibomolewa au kuezekwa upya, mbao nzuri hutoka kwa wingi. Kazi ni kuichagua, na kuichagua si kazi ya macho peke yake. Igongeni kwa nyundo: nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoliwa ndani hutoa sauti nzito ya kufa. Ipigeni chini muone kama unga mwembamba unadondoka, huo ni mdudu bado yumo kazini. Ichomeni kwa kisu pembeni na kwenye ncha, hasa ile ncha iliyokaa ndani ya ukuta. Kisha inueni upande mmoja, mtazame kwa jicho moja kama imenyooka. Na mbao iliyopakwa oili au rangi juzi, mkatae kuinunua mpaka muuzaji aikwangue mbele yenu. Oili hiyo ndiyo iliyotudanganya.

Misumari ni gharama, jamani, msiisahau. Msumari mmoja uliojificha unaharibu msumeno wa mashine, na wenye mashine wengi watawafukuza. Fundi atataka kulipwa siku za kung'oa, na ni haki yake. Hesabuni siku hizo kabla ya kusema mmepata nafuu. Mbao ngumu za zamani pia hazipigiwi msumari hivi hivi, zitobolewe kwanza kwa keekee, la sivyo zitapasuka.

Mbao za majahazi ni nzuri kwa benchi, milango na meza. Kwa paa la mabati sisi hatuzipendi, kwa sababu chumvi iliyomo huvuta unyevu, na misumari na bati vitashika kutu upesi.

Paleti zitokazo bandarini Mombasa tazameni muhuri wake. Zenye herufi HT zimetiwa joto tu kuua wadudu. Zenye MB zimefukizwa kwa dawa ya sumu, na hizo zisifanywe madawati wala vitanda vya watoto. Isiyo na muhuri, muiache. Nguzo kuukuu za umeme nazo zimelowekwa dawa kali. Zisikae karibu na kisima wala zizi, na vipande vyake msipikie kabisa, kwa maana nyingine zina aseniki na moshi wake ni sumu. (Na mtu akiwaletea nguzo za namna hiyo usiku, muulizeni alikozitoa kabla ya kuuliza bei.)

Sasa mnazi. Huu tunao wenyewe. Mnazi mkongwe usiozaa tena hukatwa na gogo likaachwa kuoza shambani, na humo ndimo chonga anamotaga mayai, kisha watoto wake wakikua wanakwenda kumaliza minazi michanga ya jirani. Gogo hilo ni mbao. Lakini mnazi si kama mti mwingine: ugumu wake uko nje, karibu na gome, na sehemu ya chini. Katikati ni laini kama sifongo. Kwa hiyo kwenye paa itumike ile mbao nzito ya nje tu, na ya katikati iwe ya kazi isiyobeba uzito. Ipasuliwe mapema baada ya kukatwa, ipangwe kivulini kwa nafasi upepo upite, la sivyo itaota ukungu. Wala isizikwe udongoni. Isimame juu ya jiwe au zege.

Mtauliza juu ya plastiki. Mwaka 2018 huko Lamu mafundi wa majahazi walishusha majini Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililoundwa kwa plastiki zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Na Nairobi kampuni ya EcoPost, iliyoanzishwa na Lorna Rutto, hutengeneza nguzo za plastiki za ua. Mchwa hawazili, haziozi. Kwa ua wa shule ni nzuri. Kwa paa, hapana, maana plastiki hunyumbuka kwa mzigo na jua, na ikishika moto haizimiki kirahisi. Zile mbao za vumbi lililobanwa na gundi zinafaa kabati la ndani, mradi zisilowe. Unyevu wa pwani huzivimbisha.

Haya yote hayana maana kama hayakuandikwa. Si lazima liwe jambo la kisheria la kutisha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Kwa mfano: "Mihimili 6 ya mbao iliyokwisha tumika, inchi 6 kwa 2 (ile mafundi huita siksi bai tu), urefu futi 14. Iwe imeng'olewa misumari. Isiwe na matundu ya wadudu, wala ufa unaopita upande hadi upande, wala kupakwa kitu chochote kabla ya kukaguliwa. Pau ziwe za mnazi, upande wa nje wa gogo, zimekaushwa. Kikundi kitakagua mbao zikiwa chini, kabla hazijapandishwa. Isiyofaa itarudishwa kwa gharama ya fundi." Kisha sahihi ya fundi, ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Lile neno "zikiwa chini" msiliache. Mbao ikishapigiliwa juu hakuna atakayekubali kuishusha.

Andikeni pia zinatoka wapi: nyumba gani, hoteli gani, shamba la nani. Muuzaji mkweli atawaeleza bila shida.

Kile chumba cha watoto kimeezuliwa. Mama mmoja wa kikundi ametoa minazi miwili ya kwake iliyokwisha kuzaa, na mbao zake ziko kivulini zinakauka. Vipande vizima vilivyookolewa kwenye paa la kwanza vimekuwa benchi nne. Deni la fundi wa kwanza limebaki, na sisi tumekubali kuchangia sehemu yake. Safari hii karatasi imeandikwa, kurasa mbili, na kina mama wameiandika wenyewe. Wanaotaka kuiona watuulize baada ya mkutano, tumekuja na nakala kumi.